Mkutano wa dira uitishwe mbalamwezi!

Natumaini mfuko wako haujatoboka sana, maana tuko katikati ya mwezi, na katikati ya mwezi kila mtu huwa mwanafalsafa. Wiki iliyopita tulichambana kuhusu mabrazameni wanaoazima mashati kwenda kuchumbia, na barua zenu nimezipata. Walionitukana nimewasamehe. Walionisifu nawashukuru, ingawa hakuna hata mmoja aliyeambatanisha nauli.

Leo nabadilisha santuri. Najua ukisikia maneno "dira ya maendeleo ya wilaya" mkono wako unakimbilia ukurasa wa michezo. Tulia kwanza, usifunue. Habari hii ina mtumbwi, ina kutapika, ina dagaa, na ina shangazi mwenye maneno kuliko mimi ninayelipwa kwa maneno.

Kasheshe ilianzia kijiweni, hapa Musoma mjini. Mshikaji wangu mmoja wa Kiabakari alikuwa anatamba. "Sisi tuna wilaya yetu bwana, Butiama! Nyie mmebaki mmebanana na ziwa." Mshikaji mwingine wa Majita hakuikubali. "Wilaya mmepata vibao tu vya barabarani. Mtu anakula kibao?" Basi ikawa soo, kahawa ikapoa, mpaka muuza kahawa akaingia kati kudai chake.

Kwa faida ya wewe ambaye mwaka ule ulikuwa bado unanyimwa rimoti, nikukumbushe. Mwaka 2012 serikali ilianzisha mikoa mipya minne, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, pamoja na wilaya mpya 19. Mojawapo ya hizo 19 ni Butiama, iliyokatwa kutoka Musoma Vijijini. Ndiyo Butiama ile ile aliyozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na akazikwa huko mwaka 1999. Na sikiliza kituko hiki: sensa ya mwaka huo huo wa 2012 ilihesabu watu 241,732 Butiama, na Musoma Vijijini iliyobaki watu 178,356. Yaani mtoto kazaliwa mkubwa kuliko mama!

Na Mara si wageni wa mambo hayo. Mwaka 2007 Rorya ilikuwa imeshamegwa kutoka Tarime. Baadaye Bunda nayo ikapata halmashauri ya mji. Tunagawana kama keki ya harusi.

Sasa washikaji wakanigeukia. "Wewe mwandishi, toa hukumu. Kugawa wilaya kunaleta maendeleo au hakuleti?" Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake najitegemea mpaka kwenye kukosea, kwa hiyo nikasema nipeni siku mbili. Nikawaza: kama wilaya ni mkeka, wa kumuuliza siyo aliyekaa katikati. Aliyekaa katikati kila siku atakwambia mkeka ni laini. Muulize wa ukingoni, ambaye nusu ya makalio iko chini kwenye vumbi.

Na mimi wa ukingoni ninaye. Shangazi yangu anaishi Rukuba.

Kwa wasiojua, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Halmashauri ile ina kata 21 na vijiji 68, na Rukuba ni kimoja kati ya hivyo 68. Wenzake wengi unawafikia kwa pikipiki. Yeye unamfikia kwa mtumbwi.

Pale Mwigobero nilifika asubuhi nimepiga raba nyeupe, jinzi na miwani ya jua. Brazameni kamili. Nahodha akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akacheka. "Bwana mdogo, hizo raba zimeomba ruhusa kwa ziwa?" Dakika kumi baadaye raba zilikuwa zimejaa maji, na dakika ishirini baadaye chai yangu na maandazi mawili vilikuwa vimekwenda kuwasalimia samaki. Mama mmoja aliyekalia gunia la mchele akanishika bega. "Pole mwanangu. Tazama mbali, usitazame maji." Nikatazama mbali, na sio siri, tumbo likatulia.

Ili nijifariji nikaanza uandishi wa habari. "Nahodha, chombo hiki kina dira?"

"Dira ya nini?" akasema. "Kwenda nakiona kisiwa. Kurudi usiku naziona taa za Musoma. Dira ni ya mtu anayekwenda asikokujua."

Abiria wakacheka. Mimi nikaandika, ingawa karatasi ilikuwa imelowa.

Baada ya safari ya zaidi ya saa moja tukatia nanga. Rukuba ni mawe makubwa yaliyobebana kama yameambiwa yasishuke, ndege wa kila aina, na kenge wanaoota jua bila kukujali. Na dagaa! Dagaa wameanikwa kila mahali, na harufu yake ukishaizoea unaanza kuiita manukato. Shangazi alikuwa amepiga kanga kiunoni, anachambua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini mnakula magazeti?"

Nikanywa uji, nikapata nguvu, nikatoa daftari. "Shangazi, tangu Butiama iwe wilaya yake, nyie huku mmeona mabadiliko gani?"

Akaendelea kuchambua. "Mume akioa mke wa pili, nyumba ya kwanza huulizwa imeonaje? Haiulizwi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, na hata wewe umechelewa." Kisha akasimamisha mkono. "Tena umeanza swali kwa mkiani. Uliza hivi: tulipogawana, tuligawana nini, na tulibaki na nini cha pamoja?"

Msomaji wangu, mimi kidato cha nne nilimaliza, lakini swali hilo sikuwahi kufundishwa. Hebu tulitazame.

Mpaka wa wilaya ni mstari. Mstari hukatika kwenye karatasi, maisha hayakatiki. Chukua maji. Mradi mkubwa wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, chanzo chake kiko Mugango, ziwani, upande wa Musoma Vijijini. Bomba linapanda mpaka Kiabakari na Butiama, wilaya nyingine. Yule mshikaji wangu anayetamba kijiweni, akifungua bomba lake anakunywa ziwa la yule wa Majita anayembishia! Na dagaa wa shangazi yangu hawaulizi mpaka. Wanavuka kwenda Mwigobero, wanapanda gari, wanapikwa Buhemba na watu wanaochimba dhahabu. Ng'ombe wanashuka kutoka huko juu kuja minadani. Wake wanaolewa huku na kule. Wilaya mbili, jiko moja.

Kwa hiyo wilaya mpya inapokaa kuandika dira yake, kosa la kwanza ni kuiandika kama kisiwa, na nasema hivyo nikiwa kisiwani. Nani anachunga chanzo cha maji? Nani anazuia kokoro na nyavu haramu zinazomaliza samaki ambao pande zote mbili zinawala? Hayo hayamo katika kitabu cha wilaya moja peke yake.

Nikamsomea shangazi maelezo yangu hayo kwa mbwembwe. Akasema, "Sawa, mwandishi. Sasa hao wanaoandika dira, wanaiandika na nani?"

Nikamjibu kama kitabu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaupa kila kijiji mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu ni mjumbe. Tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wananchi wanakaa kijijini, wanaanza kutaja walivyonavyo kabla ya kutaja wasivyonavyo, kisha wanapanga kipi kitangulie. Mipango inapanda toka kijijini kwenda kwenye kata mpaka halmashauri. Bomba, siyo?

Shangazi akaangua kicheko mpaka dagaa wakamwagika.

"Mwanangu, unajua mwezi?"

"Wa mshahara?"

"Wa mbinguni, mjinga wewe."

Hapa ndipo nilipopata somo, na ndiyo sababu ya kichwa cha habari. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Usiku wa giza taa inawaka juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina ubavu, dagaa hawaji. Kwa hiyo mvuvi ana miezi miwili ndani ya mwezi mmoja: siku za giza, ambazo ni kazi usiku kucha, na siku za mbalamwezi, ambazo ni za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kwenda mjini na kusuluhisha ndoa.

"Kabla sijahamia hapa," shangazi akasema, "niliishi mwalo mwingine, kisiwa kingine, jina liache. Wakaja wageni wenye makabrasha. Wanataka wananchi waseme wanataka nini. Siku waliyoichagua ilikuwa giza totoro. Wanaume wamerudi alfajiri, wamelala kama magogo. Wanawake tuko juani tunaanika, na wingu limesimama pale, ukiondoka mvua ikanyesha, hasara ni yako. Mkutanoni walikwenda wazee wanne, mwenye duka, na vijana wawili waliokuwa wanaumwa malaria. Hao ndio wakaitwa wananchi. Wakaandika jengo la soko."

"Soko la nini, wakati matajiri wanakuja kununua mwaloni?"

"Mwenye duka alilitaka. Wala si kosa lake, alisema la kwake. Sisi wengine hatukuwapo kusema la kwetu."

"Na la kwenu lilikuwa nini, shangazi?"

Akanyamaza kidogo. Akachukua ungo, akaupepeta ukiwa mtupu.

"Mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulinishika saa mbili usiku, ulikuwa mgumu, wakasema lazima nivushwe. Ziwa limechafuka. Mitumbwi yenye injini iko kazini, uliobaki ni wa makasia. Wakasema tungoje ziwa lipoe. Tulingoja mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilifika. Mtoto hakufika."

Msomaji, mimi siku zote nilidhani binamu yangu ndiye mtoto wa kwanza wa shangazi. Nimekula kwake miaka yote na sikujua.

"Kwa hiyo ukiniuliza dira," akaendelea, sauti yake ile ile, "mimi sisemi barabara. Barabara yangu hii hapa, imejaa maji. Ningesema chombo kimoja chenye injini na taa, kisichovua, kinachokaa pale mwaloni kwa ajili ya mgonjwa. Neno hilo moja. Lakini lingesemwa na nani, na ilikuwa giza?"

Nilifunga daftari.

Usiku sikulala mapema. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, na nikaelewa nilivyokuwa nikiuchukulia kirahisi ubishi wa kijiweni. Sisi tunadhani dira ya pamoja ni watu wote kutaka kitu kimoja. Haiwezekani! Mfugaji wa huko juu anataka lambo na ulinzi wa ng'ombe wake. Mchimbaji wa Buhemba anataka leseni na duara lisilomwangukia. Mkulima wa Majita anataka bei ya pamba. Shangazi anataka chombo cha usiku. Ukiwalazimisha wote wataje kitu kimoja watakutajia "barabara, maji, umeme", kwa sababu hayo ndiyo maneno yanayoandikika haraka. Kitabu kitapendeza, picha ya mgeni rasmi itakuwa mbele, na shangazi hatakuwamo.

Ninavyoona mimi, dira ya pamoja ni kukubaliana zamu. Fedha hazitoshi, kila mtu anajua. Basi tukae wote, tuseme mwaka huu anaanza nani na kwa sababu gani, na anayefuata ni nani, na iandikwe ubaoni kijijini ili hata kiongozi akihamishwa ubao ubaki. Mtu anaweza kungoja zamu yake kama aliiona ikipangwa. Asichoweza ni kungojea foleni ambayo hajui kama jina lake limo.

Na historia inatufundisha, tena kupitia mtu wa Butiama mwenyewe. Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu ilizifuta halmashauri, mipango ikawa inashuka toka juu kwa maofisa. Mwaka 1982 sheria ikazirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi upya. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Mtu mkubwa kiasi kile kukiri, si mchezo. Leo jina la kijiji chake ndilo jina la wilaya. Itakuwa aibu tukirudishiwa halmashauri halafu tukaendelea kuziendesha kana kwamba wananchi bado wamefutwa.

Sasa nikugeukie wewe, brazameni na sistaduu unayesoma hapa ukitikisa kichwa kuwalaumu "wao". Lini mara ya mwisho ulihudhuria mkutano wa mtaa au wa kijiji? Mimi nikiri: sijawahi. Tangazo likipita na kipaza sauti huwa naongeza muziki. Halafu jioni najaza kijiwe kulalamika kwamba vijana hatushirikishwi. Wale wavuvi walikuwa wamelala kwa sababu walikesha kazini. Mimi nilikuwa nimelala kwa sababu nilikuwa nimelala.

Na si kwamba hakuna kitu mezani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru, pamoja na ule wa samaki na dagaa. Maana yake shangazi anayeitwa hana elimu ndiye anayechangia mkopo ambao wewe mwenye cheti hujajisumbua kuuliza fomu yake. Na julai 2025 taifa lilizindua Dira ya 2050. Mwaka 2050 watakaokuwa wazee wenye mvi ni sisi. Tutawaambia nini wajukuu, kwamba siku ya kupanga tulikuwa tunaangalia mpira?

Kesho yake wakati wa kuondoka, shangazi alinifungia dagaa kwenye mfuko. Raba zangu zilikuwa zimekauka lakini rangi imegeuka, sijui niiite kahawia au huzuni. Nikamuuliza, "Shangazi, nikirudi mjini niwaambie nini?"

"Waambie washikaji zako waache kubishana nani kapata wilaya. Waulize nani kaalikwa. Na huyo anayeandika dira, Butiama, Musoma, Bunda, popote, mwambie kabla ya kupanga tarehe atazame juu. Akija mbalamwezi atatukuta wote, na chakula tutampikia."

Mtumbwi ukang'oa nanga. Safari hii nilitazama mbali tangu mwanzo, na maandazi yalibaki mahali pake.

Kijiweni nimesharudi na hukumu nimeitoa. Kugawa wilaya ni kama kununua mtumbwi mpya: kitu kizuri, lakini chombo hakijui kinakokwenda mpaka waliomo waelewane. Yule wa Kiabakari kanuna kidogo, yule wa Majita kanuna kidogo, nikajua nimesema kweli. Kisha nikawapikia dagaa wa Rukuba, wakasahau kununa. Na Jumamosi kuna mkutano wa mtaa wetu. Tumekubaliana tutakwenda wote watatu, na asiyekuja atanunua kahawa mwezi mzima.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye mapenzi: je, ni halali kumdai mchumba nauli aliyokula bila kuja? Niandikie. Mpaka hapo, kaa chonjo, na usiku ukitoka nje tazama mwezi uko wapi.